Kitenge kinachochuja: jinsi ya kukipima kabla ya kukata, na asili yake ni wapi

Msomaji mmoja, fundi cherehani wa Mbagala hapa Dar es Salaam, ametuandikia hivi: "Mteja aliniletea kitenge alichonunua Kariakoo, akasema ameuziwa kwa bei ya waksi halisi. Nikamshonea gauni lenye kola ya kitambaa cheupe. Alipolifua mara ya kwanza, rangi ilihamia kwenye kola, na sasa anataka nimlipe. Nitajuaje kama kitenge kitachuja kabla sijakikata? Nimeambiwa niwe naloweka vitenge kwenye maji ya chumvi, je, inasaidia? Na wale wanaosema kitenge si cha Afrika bali ni cha Wazungu, wana ukweli kiasi gani?"

Ndugu fundi, nianze na lile linalokugusa mfukoni. Kitenge kuitwa waksi, yaani kilichopata mchoro wake kwa nta au utomvu unaozuia rangi, si ushahidi kwamba hakitachuja, na kitenge cha bei nafuu kilichochapwa kwa uangalifu kinaweza kudumu na rangi yake miaka mingi. Kinachoamua ni namna rangi ilivyoshikana na uzi, na kiasi ambacho kiwanda kilikisuuza kitambaa kabla ya kukikunja kuwa jora. Jina lililoandikwa ukingoni halikuelezi lolote kati ya hayo. Habari njema ni kwamba unaweza kuyapima mwenyewe mezani pako kwa kitambaa cheupe, maji na pasi, na nitakueleza jinsi ya kufanya. Lakini kipimo kitakufaa zaidi ukijua kinachoendelea ndani ya kitambaa.

Pamba hupata rangi kwa njia zisizofanana. Kuna rangi ya unga isiyoyeyuka majini, ambayo huchanganywa na gundi, ikachapwa juu ya kitambaa na kukaushwa kwa joto kali. Rangi hii haichuji sana ndani ya beseni, ila husuguka, kwa hiyo gauni hupauka kwanza kwenye viwiko, kwenye midomo ya mifuko na mahali paja linapogusa kiti. Ukipitisha kidole juu ya kitambaa kipya cha aina hii, penye maua makubwa utahisi ugumu kidogo kuliko penye weupe.

Kuna pia rangi zinazoungana na uzi wenyewe kikemia. Hizi zililetwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956, na leo hutumika sana kwenye nguo za pamba zenye rangi kali. Ili ziungane na uzi huhitaji magadi na joto, na kwenye kitambaa cha kuchapwa joto hilo kwa kawaida ni la mvuke. Tatizo ni kwamba si rangi yote inayofika kwenye uzi. Sehemu yake huungana na maji badala ya pamba, ikapoteza uwezo wa kushika, lakini ikabaki imelala humo humo ndani ya kitambaa ikionekana sawa na ile iliyoshika. Kiwanda kinachojali hukisuuza kitambaa mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni mpaka mabaki hayo yatoke, na kazi hiyo hula maji na nishati nyingi. Kiwanda kinachobana matumizi huifupisha. Kwa dalili ulizoeleza, yaani rangi kuhama mara moja katika ufuaji wa kwanza kabisa, nadhani mabaki ya namna hiyo ndiyo yaliyofika kwenye kola yako, au basi kitambaa kilitiwa moja ya zile rangi rahisi ambazo hujishikiza tu kwenye pamba bila kuungana nayo, nazo huchuja kila zinapoguswa na maji.

Njia ya zamani zaidi, na kwangu ndiyo inayostaajabisha kuliko zote, ni ya nili, rangi ya bluu ambayo ndiyo iliyotia rangi kaniki waliyovaa bibi zetu. Nili haiyeyuki majini. Ili iingie kwenye uzi ni lazima kwanza ibadilishwe ndani ya pipa lisilo na hewa, na kitambaa kinapotolewa humo huwa na rangi ya manjano inayoelekea kijani, kama hakijawahi kukutana na bluu. Kisha hewa inakigusa. Kuanzia kwenye ncha zinazoning'inia, rangi ya kijani inageuka bluu mbele ya macho yako, na mikunjo iliyofichwa hubaki na ukijani wake kitambo mpaka uikunjue nayo ipate hewa. Nili imerudi kuwa kitu kisichoyeyuka, safari hii ikiwa imekwisha kunaswa ndani ya uzi, na ndiyo maana maji ya kufulia hayana nguvu kubwa juu yake. Chembe zilizobaki juu juu husuguka na kuacha ubluu kwenye ngozi, lakini kilichoingia ndani hukaa.

Sasa kipimo. Kata ukanda wenye upana wa vidole vinne ukingoni mwa kitambaa, mahali penye rangi nzito, hasa nyekundu, nyeusi au bluu ya kukolea, kwa sababu penye rangi nyingi ndipo pia penye mabaki mengi. Uloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga kidogo, ukamue kidogo tu, kisha uulaze katikati ya vipande viwili vya pamba nyeupe. Shuka kuukuu linafaa sana kwa kazi hii kuliko kitambaa kipya, maana kipya bado kina wanga wa kiwandani unaozuia maji kupenya. Kandamiza kwa pasi yenye joto la pamba, bila kuiburuta, ukiinyanyua na kuishusha mpaka vyote vitatu vikauke. Fungua uangalie ule weupe kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Halafu chukua ukanda mwingine ulio mkavu, funga pamba nyeupe kwenye kidole, na usugue mara kumi kwa nguvu zile zile, kama maabara za nguo zinavyofanya kwa mashine. Kipimo cha kwanza kitakuonyesha rangi inayochuja kwa maji na cha pili ile inayotoka kwa msuguano, na unavihitaji vyote viwili kwa sababu kitambaa kinaweza kufaulu kimoja na kuanguka kingine.

Ukiona doa hafifu tu, kifue kitenge chote peke yake kwa maji ya moto kiasi na sabuni, usuuze hadi maji yawe safi, ukipime tena. Doa likiwa kali, rudia kufua mara tatu au nne kabla ya kukata tamaa. Kama baada ya hapo weupe bado unashika rangi, kitambaa hicho hakipaswi kuunganishwa na kitu cheupe hata kidogo, wala kutiwa bitana ya rangi ya maziwa, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo uso kwa uso kabla mkasi haujagusa chochote. Ningekushauri ubandike kile kipande cheupe chenye doa kwenye daftari lako la oda, kando ya vipimo vya mteja, naye aweke saini.

Kwa kuwa kitambaa kimeshalowa, pima na kurudi kwake, yaani kupungua kwake, hapo hapo. Kabla ya kuloweka, weka alama mbili kwa uzi, umbali wa sentimita 50, ukifuata mtande, yaani nyuzi za urefu, kisha weka nyingine mbili kwa upande wa mshindio, yaani nyuzi za upana. Kikishakauka na kupigwa pasi, pima upya. Kama sentimita 50 zimekuwa 48, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, na gauni la sentimita 120 litapungua karibu sentimita 5, jambo ambalo mteja ataliona kwenye kifundo cha mguu. Kwa kawaida mtande hurudi zaidi kuliko mshindio, kwa sababu nyuzi zake zilivutwa kwa nguvu wakati wote wa kufumwa na kuchapwa.

Kuhusu chumvi, jibu langu ni hapana. Chumvi inatumika kweli katika kutia rangi, lakini kazi yake ni kuisukuma rangi iliyomo kwenye maji iende kwenye uzi, kabla magadi hayajaifunga. Kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani kikilowekwa kwenye chumvi hakina kinachofungwa. Siki ni vivyo hivyo, kwani asidi huzisaidia rangi za sufu na hariri, ambazo ni nyuzi za wanyama, na pamba ni ya mmea. Imani hii imeenea kwa sababu kuloweka kwenyewe huondoa mabaki, na ufuaji unaofuata maji yakionekana safi zaidi, chumvi hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na maji. Tumia maji ya moto na sabuni, ubaki na chumvi yako jikoni.

Nije kwenye neno waksi. Ufundi wa kuzuia rangi kwa nta ulifikia kilele chake katika kisiwa cha Java, Indonesia, ambako fundi huchora kwa nta ya moto akitumia canting, kijikopo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, au hugonga muhuri wa shaba uitwao cap. Penye nta rangi haiingii. Nta ikiondolewa, mchoro unabaki. UNESCO iliiweka batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliokuwa wakivitawala visiwa hivyo, walitafuta namna ya kuiga kazi hiyo kwa mashine na kuwauzia Wajava kwa bei ya chini. Kule Haarlem, Uholanzi, katika miaka ya 1850, kiwanda cha Prévinaire kilipata mashine ya kuchapa utomvu ulioyeyushwa, badala ya nta, pande zote mbili za kitambaa kwa wakati mmoja. Utomvu ulipopoa ulipasuka, nili ikapenya kwenye nyufa, na kitambaa kikatoka na mishipa myembamba ya bluu ambayo wanunuzi wa Java waliiona kuwa kasoro. Afrika Magharibi kilipokelewa tofauti kabisa. Miaka ya 1890 mfanyabiashara wa Uskoti, Ebenezer Brown Fleming, alikuwa akipeleka kitambaa hicho Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na wanawake wa pwani ile wakakipenda kwa mishipa ile ile iliyokataliwa. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mjini Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, ingali inatengeneza waksi hadi leo.

Kutokana na historia hiyo unapata njia ya kuitambua waksi ya kweli. Kwa kuwa utomvu huchapwa pande zote mbili, mbele na nyuma ya kitambaa hukaribia kulingana kwa ukolevu. Muhimu zaidi ni mishipa. Ufa wa utomvu hutokea ovyo, hivyo ua la kwanza haliwezi kuwa na mishipa sawasawa na ua la pili. Tafuta mahali mchoro unapojirudia, weka maua mawili yanayofanana kando kwa kando, na ufuatishe mshipa mmoja kwa kidole. Ukiona mshipa huo huo, wenye kona ile ile, umejirudia kwenye ua la pili, basi hakuna utomvu uliopasuka hapo, bali mchoraji ndiye aliyeuchora na mashine ikaunakili kwa yadi zote sita. Angalia pia mahali rangi ya pili inapokutana na ya kwanza, maana kwenye waksi halisi rangi hizo mara nyingi hupishana kidogo, zikaacha utepe mwembamba mweupe au kivuli, kwa sababu zilitiwa kwa hatua tofauti. Siku hizi vipo vitambaa vinavyochapwa pande zote mbili bila nta yoyote, kwa hiyo usitegemee upande wa nyuma peke yake. Maandishi ya ukingoni yanayotaja nta ya Uholanzi ndiyo rahisi kuiga kuliko yote.

Kitenge kilichochapwa bila nta si kitenge kibaya, na sipendi kukisikia kikiitwa feki pale muuzaji anaposema wazi jinsi kilivyo. Kanga zetu zote huchapwa, na hakuna anayezidharau kwa hilo. Ubaya ni kulipishwa bei ya kazi ambayo haikufanywa.

Ubaya mkubwa zaidi kwa mji wetu wenye joto na unyevu ni poliesta inayouzwa kama pamba. Pamba iliyo mahali pa kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata asilimia 1, ndiyo sababu ndani ya daladala mwezi wa Februari gauni la poliesta hung'ang'ania mgongoni. Vuta nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, maana zinaweza kuwa tofauti, uzishike kwa koleo juu ya sahani ya bati na uziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi, na kuacha jivu laini la kijivu linalopotea ukilipuliza. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kijidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole. Zikiwa zimechanganywa utaona jivu na kijidonge pamoja. Fanya hivyo mbali na jora, na usiguse kijidonge kabla hakijapoa kwa sababu huganda kwenye ngozi.

Limebaki swali lako la asili, nalo linastahili jibu lenye pande zake zote. Ni kweli kwamba ufundi wa waksi ulitoka Java na mashine yake ikatoka Uholanzi. Lakini kitambaa hicho kilidumu kwa sababu wanunuzi wa Afrika waliamua kipi kichapwe tena na kipi kiachwe. Mjini Lomé, Togo, wanawake wafanyabiashara waliojulikana kama Nana Benz walinunua kwa jumla, wakapewa haki ya kuuza mchoro fulani peke yao, wakavipa vitambaa majina ambayo ndiyo yaliyoviuza, na wakatajirika kiasi cha kutembelea magari ya Mercedes-Benz yaliyowapa jina. Mtu anayesema kitenge ni cha Wazungu amewafuta wanawake hawa. Na anayekiuza kama vazi walilovaa mababu zetu tangu enzi na enzi naye hasemi kweli.

Hapa kwetu pwani nguo ni ya kale kuliko kitenge kwa mbali. Wachimbuaji wa magofu ya Kilwa wamepata vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa kijiti cha kusokotea uzi. Pamba ilisokotwa pale karne nyingi kabla Mreno hajafika. Baadaye uzi wa kigeni ulizidi nguvu. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said wa Oman na Zanzibar, meli za bandari ya Salem, Marekani, zilileta shuka ngumu la pamba lisilopaushwa, nalo likaenea hadi bara na kuitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata ugavi huo, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kanga ilikua katika mchanganyiko huo huo, na maneno "Mali ya Abdulla" unayoyaona hadi leo kwenye kanga ni ya nyumba ya biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilituwezesha kusokota, kufuma na kuchapa hapa hapa mjini. Ninasikitika kila ninapofikiri kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu bado inaondoka nchini ikiwa pamba nyuzi, kisha tunaipokea pamba ya wengine Mtaa wa Uhuru ikiwa imeshachapwa maua.

Mteja akitaka nguo ambayo ufundi wake wote ni wa Afrika, mwambie ipo. Waganda hutengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba kwa kulipiga kwa nyundo za mbao, na Wahaya wa Kagera waliijua pia. Wayoruba wa Nigeria huzuia nili kwa uji mzito wa muhogo, wakipaka kwa unyoya au kwa kibati kilichokatwa mchoro, na nguo hiyo huitwa adire. Bonwire nchini Ghana wafumaji hufuma kente kwa mikanda myembamba inayoshonwa pamoja ikawa shuka. Mali kuna bogolan, ambayo kitambaa chake huchovywa kwanza kwenye maji ya majani yenye tanini, kemikali ya asili ya mimea, kisha huchorwa kwa tope la mtoni, na chuma kilichomo kwenye tope hukutana na tanini ile na kuwa weusi usiotoka.

Karibu zaidi na cherehani yako kuna watengenezaji wa batiki wa hapa Dar es Salaam, ambao huyeyusha nta ya mishumaa juu ya jiko la mkaa, hugonga michoro kwa mihuri ya sponji waliyoikata wenyewe, hutia rangi kwa kemikali za kostiki na haidrosalfaiti, kisha huchemsha kitambaa ili nta itoke. Rangi hizo hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya nili, na zikifanywa vizuri hushika sana. Zikiharakishwa, nta hubaki na kitambaa hunata chini ya pasi. Vipime vitambaa vyao kwa ukanda ule ule wa vidole vinne.

Na gauni lililokwisha kuharibika: usilipige pasi na usilikaushe kama bado lina unyevu, kwa sababu joto huzidi kuikaza rangi iliyohamia. Lifumue kola, uiloweke peke yake kwenye maji ya moto mengi yenye sabuni, ukibadilisha maji kila yanapopata rangi. Usitie jiki juu ya gauni zima, itakula na kitenge chenyewe; kola iliyofumuliwa, ikiwa ni pamba tupu, unaweza kuitia jiki kidogo iliyozimuliwa kwa maji baridi ikiwa sabuni imeshindwa. Ile kola usiirudishe kabla kitenge hakijafaulu kipimo cha pasi.